Buletini Inamwambia Nini Mzazi?

Katika shule nyingi za Burundi, buletini ipelekwayo nyumbani mwisho wa muhula huandikwa Kifaransa: jumla, asilimia, nafasi darasani. Mzazi wa Gitega anayesoma Kirundi tu husomewa na mtoto yuleyule aliyepimwa (na mtoto naye si mjinga!). Kiswahili, kilichoingia shule za msingi miaka ya 2000, kimo humo kama tarakimu tupu. Tuseme 12 kati ya 20: kilichomshinda ni ngeli, au kuzungumza? Muyinga mjini wapo wazazi wanaokitumia Kiswahili kila siku. Wangeweza kumweleza mwalimu jinsi mtoto anavyojieleza. Hawaulizwi. Tunapendekeza kila mwalimu wa Kiswahili aandike kando ya alama sentensi moja, kwa Kirundi au Kiswahili.