Hekima ya Kushuka Katikati ya Kupanda

Katika mambo yote yafanywayo na waongozaji wa Kilimanjaro ili kumfikisha mgeni kwenye kilele cha Uhuru, chenye kimo cha mita 5,895, sioni lenye hekima zaidi, wala linalonung'unikiwa zaidi na wapandaji, kuliko siku ile ya njia ya Machame ambapo msafara uliolala Shira, kwenye mita 3,840 hivi, hupandishwa hadi Lava Tower, karibu na mita 4,600, ukapata chakula cha mchana katika baridi na ukungu, kisha ukateremshwa kwenda kulala Barranco, kadiri ya mita 3,960, kana kwamba jasho la asubuhi nzima limemwagika bure.

Sababu imo mwilini. Oksijeni ya mlimani ni sehemu 21 katika mia ya hewa, sawasawa na ile ya ufukweni Tanga; kilichopungua ni kanieneo, ambayo kileleni hubaki takriban nusu ya ile ya pwani, hata kila pumzi ikaleta nusu tu ya riziki yake. Mwili ukihisi uhaba huo huharakisha pumzi. Lakini kuhema kwingi huitoa hewa ukaa kupita kiasi, damu ikaelemea upande wa alkali, na ubongo, kwa kuihadhari hali hiyo, ukaizuia pumzi, hususan usingizini, ndipo mtu hushtuka usiku akitweta. Msuluhishi ni figo, ambazo huitoa alkali ile kwa mkojo, nayo ni kazi ya siku kadhaa; basi aamkaye mara kwa mara kwenda haja ndogo asifadhaike, kwani hiyo aghalabu ni dalili njema. Chembe nyekundu za damu, zisifiwazo sana katika mazungumzo ya wapandaji, huhitaji majuma kuongezeka vya kutosha, na safari huwa imekwisha zamani.

Kwa hiyo saa chache za Lava Tower huuamsha mwili, na usiku wa Barranco huupa nafasi ya kuitimiza kazi hiyo kwa salama. Linganisha na njia ya Marangu ya siku tano, yenye vituo vya kulala hivi: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, yaani mita 1,000 kwa kila kituo, ilhali matabibu wa milimani hunasihi kwamba, mtu akishapita mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Kijana mwenye misuli ndiye wa kuhofiwa zaidi hapo, maana miguu yake humfikisha juu kabla figo zake hazijawa tayari.

Kichwa kikiuma, mwambie mwongozaji ukweli jioni hiyo hiyo. Na mtu akiyumba, au akitweta hali ameketi, ateremshwe mara moja, hata usiku wa manane. Nawe upangaye safari, ongeza siku moja Horombo, ukipita Marangu, au kambi ya Karanga, ukipita Machame, kabla ya kuuliza bei ya kitu kingine chochote.