Moshi Ndani ya Bilauri

Wako watu wasemao kwamba wiski yenye moshi ni wiski iliyoharibika. Tuwasikilize, kisha tuonje.

Laphroaig ya miaka 10 ni wiski ya shayiri tupu. Hutengenezwa Islay, kisiwa cha Uskoti, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1815. Moshi wake hautiwi mwishoni kama chumvi katika mchuzi. Shayiri ikiisha kulowekwa na kuchipua, hukaushwa kwa moto wa udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa na kuanikwa ili uwake kama kuni. Punje huingiwa na moshi ule kama samaki juu ya uchaga.

Harufu ya kwanza ni ya dawa ya kidonda na majani ya bahari. Usikimbie. Tia maji kidogo, ungoje. Ndipo hutokea utamu wa shayiri na wa pipa la mwaloni, lililokwisha kuweka bourbon ya Marekani. Mwisho wake ni mkavu kama jivu, tena hukaa ulimini kupita kiasi. Hiyo ndiyo kasoro yake.

Lakini wakosao zaidi ni wale wanaohesabu moshi. Octomore, ya kisiwa hicho hicho, husifiwa kwa tarakimu zake kubwa. Kumbe tarakimu hizo zapima shayiri kabla ya kupikwa, wala si kinywaji chenyewe. Moshi mwingi hupotea njiani. Basi tusiulize, “Moshi ni kiasi gani?” Tuulize, “Je, chini yake utamu wa shayiri ungalipo?” Katika Laphroaig, ungalipo.