Siku Saba za Kumwagilia

Fundi hodari wa zege katika ukanda wa Shinyanga na Geita humtambui siku anayomwaga. Siku hiyo kila mtu ana nguvu: vibarua wanapokezana ndoo, mikisa inanguruma, mwenye mali amekuja kupiga picha. Njoo siku ya tatu. Ukimkuta amefika kabla ya jua kupanda, anainua moja moja magunia mabichi yaliyofunika zege na kupapasa chini yake kama bado pabichi, basi ndiye huyo.

Zege haliwi gumu kwa kukauka. Saruji huungana na maji, na muungano huo ndio unaoshika mchanga na kokoto. Maji yakitoweka mapema, kazi husimama pale ilipofikia. Huku kwetu kiangazi ni kirefu, jua ni kali na upepo wa nyika hauna kizuizi. Zege la saa sita mchana linaweza kufanya nyufa nyembamba usoni kabla hata halijashika. Ndiyo maana wenye ujuzi humwaga alfajiri au jioni, hulowesha ardhi kwanza isije ikalinyonya, na hulifunika kwa nailoni mara uso ukishasawazishwa. Kesho yake hujenga vituta vya udongo pembezoni na kulaza maji juu ya jamvi zima. Navipenda sana vituta hivyo. Vinatengenezwa kwa jembe na viganja, na kwa sakafu tambarare ni vigumu kupata kinga bora zaidi.

Tena ni kazi ya gharama. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Kahama na Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele, lakini penye ujenzi mara nyingi bado ni madumu ya kununua. Kununua maji ili uyamwage sakafuni, siku baada ya siku, kunataka moyo.

Kwa saruji ya kawaida, siku saba za unyevu ni kiwango cha chini. Hapo zege huwa na takribani theluthi mbili ya nguvu iliyokusudiwa, na gari dogo laweza kupita. Gari zito lisubiri siku 28, umri ambao maabara huvunja vipande vya zege vya sentimita 15 kila upande ili kuvipima. Hata ile 32.5 au 42.5 iliyoandikwa kwenye mfuko ni nguvu ya saruji ikiwa na siku 28. Saruji yenye pozolana nyingi hukomaa polepole; hiyo ipewe maji siku kumi au zaidi.

Sasa nenda Katoro au Kakola ukamwambie mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, asubiri. Viroba vya mawe vimepangana, fuso liko barabarani, kila siku ina bei yake. "Fundi, mbona limeshakuwa gumu?" atauliza, akiligonga kwa kisigino. Kwa kisigino ni gumu kweli. Fuso lenye mzigo ni habari nyingine, hasa likikanyaga ukingoni, ambako jamvi ni dhaifu kuliko katikati.

"Bosi, nipe wiki mbili tena," fundi hujibu, bila kupandisha sauti. Kisha anachukua msumari na kuandika tarehe ya kumwaga kwenye ukuta wa geti, anapanga mawe makubwa njiani ili hata dereva wa usiku asipate pa kupenya, na anarudi kwenye vituta vyake kuziba panapovuja.