Tuta Halidanganyi: Kulipima Gari la Kila Siku Mitaa ya Eastlands

Gari halijulikani Thika Road. Pale lami imenyooka na njia ni pana, hata Vitz iliyochoka itafika kilomita 100 kwa saa na mwenyewe ajione bingwa. Ukitaka kujua gari limeundwa vipi na limetunzwa vipi, lilete Eastlands, Nairobi. Lipitishe Mutindwa jioni watu wakinunua sukuma wiki, uliingize kwenye vichochoro vya Umoja na Kayole, likiwa na watu wanne ndani na gunia la viazi kwenye buti. Kasi huficha mengi. Mwendo wa pole huyaanika yote.

Mwongozo huu ni wa magari tunayoyaona kila siku: Probox, Fielder, Vitz, Premio, Demio na Note. Karibu yote yamekuja yakiwa yametumika Japani, na sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kwa hiyo unapima mambo mawili kwa pamoja: kazi ya aliyeliunda, na mkono wa waliolitumia.

Injini iwe baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, salimia, kisha weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina moto, subiri ipoe, hata ukiambiwa gari lilikuwa la mwalimu na lilikwenda kanisani tu. Injini iliyochoka hujisema asubuhi: hugonga kidogo inapowaka, au hutoa moshi wa samawati, ishara kwamba inakula oili.

Jua pia mtetemo gani ni wa kawaida. Vitz ya lita moja iliyotoka kuanzia 2005, na Note ya kuanzia 2012, zina injini za silinda tatu, na silinda tatu hutikisika kwa maumbile yake. Kanyaga breki, weka gia ya D, usikilize. Mtetemo mwembamba unaopotea ukigusa mafuta kidogo hauna neno. Usukani na dashibodi vikicheza pamoja, maunti za injini zimekwisha. Probox na Fielder za 1500 zina silinda nne, na hizo hazina kisingizio. Zikisimama kwenye foleni zinafaa kutulia hadi ujiulize kama zimezima.

Tuta moja, masikio mawili

Hapa ndipo penye mtihani wenyewe. Zima redio, shusha vioo, tafuta tuta lisilo na watu, ulipande mshazari ili kila tairi ipande peke yake. Gari zima hutoa sauti moja, dup, kisha bodi inakaa. Ukisikia ka-ka-ka ya haraka upande mmoja, hiyo ni linki ya stabilaiza. Ngo! moja nzito wakati tairi inashuka huwa ni bushi au boljointi. Na gari likishuka tuta kisha likaendelea kunesa mara ya pili na ya tatu, shoki zimekufa, na hata likiwa limepakwa rangi jana lisikuhadae.

Usichanganye ubovu na tabia. Probox, tangu ilipoanza kuuzwa 2002, imeundwa kama gari la mizigo. Ekseli ya nyuma ya ile ya kwanza ni gogo moja zima juu ya springi, na kiti cha nyuma ni chembamba kwa sababu kule Japani waliotarajiwa kukaa pale ni makatoni. Ikiwa tupu hurukaruka. Ipakie na itatulia, itashika barabara, na utaelewa kwa nini wachuuzi wanaipenda. Basi usiijaribu tupu ukailaumu.

Premio ndiyo laini kuliko zote hizi, na mtu wa makamo akiikalia hushuka bila kushika kiuno. Lakini ni ndefu na tumbo liko chini. Ikibeba watu watano, matuta yale marefu yanayomwagwa na wakazi wenyewe bila kipimo yatalikwaruza. Demio ni ngumu kidogo, kila shimo utalihisi, ila bodi yake hukaa mara moja bila kuyumba. Kwangu mimi huo ni ufundi. Ulaini peke yake ni rahisi kuutengeneza.

Usukani

Kata kona kwa kilomita 20 kwa saa, kisha legeza mikono. Usukani mzuri hurudi katikati wenyewe, taratibu, kama unajua njia ya kwenda nyumbani. Ukibaki umelala upande, kuna kitu kimekaza au alaimenti imepotea. Usiseme gari linavuta kushoto kabla ya kulijaribu mahali tambarare, kwa maana barabara zetu nyingi zimeinamishwa kando ili maji yateremke, na kila gari litavutwa huko.

Kwa hisia za mkononi, Demio ya kuanzia 2014 inazishinda zote. Inakuambia tairi ziko wapi. Vitz na Note ni nyepesi mno. Ni raha kuegesha Buruburu penye nafasi finyu, lakini ukishika kasi kwenye Outering hazikuambii lolote.

Gia

Fielder nyingi za otomatiki kuanzia 2006, Note nyingi, na Probox nyingi kuanzia 2014 zinatumia CVT, yaani mkanda wa chuma na puli mbili badala ya gia za kuhesabika. Ikiwa nzima, hakuna kitu kizuri kama hicho kwenye foleni ya Jogoo Road, maana gari husogea bila kushtuka. Ikiwa mbovu, hutetemeka unapong'oa nanga na hulia unapokanyaga mafuta. Inataka oili yake maalumu. Fundi akimimina oili ya gia za kawaida ameiua, na pesa za kuirudisha ni ndefu. Omba risiti ya oili ya mwisho na usome kilichoandikwa. Probox ya otomatiki ya kabla ya 2014 ina gia nne za zamani, na Demio ya otomatiki ya kuanzia 2014 ina gia sita. Hizo utazihisi zikibadilika, na zibadilike bila teke.

Hukumu

Linki, bushi na shoki zisikutishe. Utazipata kwenye maduka ya vipuri ya Grogan, mpya au ex-Japan, na fundi wa Kariobangi Light Industries atazifunga siku hiyohiyo. Tumia kasoro hizo kushusha bei. Lakini gia ikitetemeka au moshi wa samawati ukitokea, shukuru mwenyeji na uondoke.

Mwenye kibanda achukue Probox ya gia nne. Mwenye wazazi wa kupeleka kliniki achukue Premio. Anayependa kuendesha, na yuko tayari kuyahesabu mashimo yote ya Manyanja Road kwa mgongo wake, achukue Demio. Fielder haishindi yoyote katika fani yake, ila ni ya pili katika kila fani, na kwa familia yenye gari moja tu hilo linatosha kuiweka mbele.