Ala Isiyochoma Ubavu: Kumchagulia Mvuvi wa Kizingitini Ala ya Kisu Kikubwa

Kizingitini kisu husifiwa, ala husahauliwa. Mtu atakipokea kisu, atapitisha kidole gumba kwenye makali, ataulizia chuma kama ni cha msumeno au cha springi ya gari, atabishana bei mpaka wapita njia wasimame kusikiliza. Akishakinunua atakitia ndani ya kipande chochote cha ngozi chenye kitanzi, mradi kisimkate. Siku ya pili yuko baharini analalamika. Ncha inamchoma paja kila akichuchumaa kuchagua samaki, mpini unamgonga mbavu kila akivuta wavu, na jioni nyonga imechubuka. Atakwambia kisu ni kizito. Kisu hakina kosa lolote.

Nazungumzia kisu kikubwa, chenye bapa la shibiri au zaidi na mpini unaojaza kiganja: kile cha kukatia kamba ya nanga iliyonasa na kupasulia papa. Kisu kidogo cha chambo kinakaa popote, hata mfukoni. Kikubwa kina uzito, kina urefu, na kinavaliwa na mtu anayekaa, kuinama, kupanda na kuruka majini siku nzima. Ala yake ni kazi ya fundi, na kazi ya fundi ina namna ya kupimwa.

Wenye kisiwa cha Pate hawana haja ya kuagiza mbali. Kizingitini iko kaskazini mashariki mwa kisiwa, na Siyu ni mwendo wa pikipiki tu. Katika karne ya 19 Siyu, mji uliokataa kuinama mbele ya majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar katika miaka ya 1840, ulivuma pwani nzima kwa kazi za mikono: misahafu iliyonakiliwa na kujalidiwa hukohuko, makubadhi, mikanda, panga na majambia pamoja na ala zake. James de Vere Allen, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Lamu, aliandika juu ya Siyu hiyo mwaka 1979. Mafundi wamepungua sana, lakini ngozi bado inashonwa. Wageni wanakwenda kuitazama ngome ya Siyu. Mimi ningewashauri wapite kwanza kwa fundi wa makubadhi.

Sasa tuanze pale ambapo wanunuzi wengi hawaanzi, yaani kwenye mkanda. Ala haining'inii kiunoni. Inaning'inia kwenye mkanda, na mkanda ndio unaobeba. Mkanda wa suruali wa dukani, mwembamba na laini, ukiutundikia kisu kikubwa utapinda kwa nje, na mdomo wa ala utaondoka mwilini na kuanza kukupigapiga kila hatua. Kikoi ndicho kibaya zaidi. Fundo la kikoi linashika nguo, halishiki chuma, na ala iliyochomekwa humo hushuka pole pole mpaka ikufikie gotini. Anayependa kuvaa kikoi chomboni, na avae juu yake mkanda wa ngozi wenye upana wa vidole viwili na unene usiokunjika ovyo. Kisha upime kitanzi cha ala juu ya mkanda huohuo. Kitanzi kipite kwa kusukumwa kidogo. Kikiwa kipana kuliko mkanda, hata ala iliyoshonwa na bingwa itatembea mbele na nyuma kama ulimi wa kengele, na kule kutembea ndiko kunakochubua ngozi ya mtu.

Hapo utakutana na kosa ambalo karibu kila mnunuzi mgeni hulifanya: anaminyaminya ala dukani, anaikuta laini, anafurahi. Ala laini si ala ya raha. Ngozi laini hujikunja unapokaa, na pale ilipojikunja hujenga uvimbe unaokubonyeza nyongani saa nzima. Mdomo wake nao hufumba kisu kikitoka, kwa hiyo kukirudisha inabidi utumie mikono miwili na macho mawili, na baharini mkono mmoja daima umeshika kitu kingine. Ngozi ngumu yenye unene wa milimita tatu au nne, iliyofinyangwa ikafuata umbo la kisu kwa upande mmoja na umbo la nyonga kwa upande wa pili, hugawa uzito juu ya eneo pana. Baada ya siku chache huihisi tena. Nimeona watu waliokataa ala ya namna hiyo kwa sababu ilikuwa ngumu kama ubao, wakachukua ile laini ya jirani yake, na mwezi haukwisha kabla hawajarudi.

Kule kufinyanga ndiko kunakotenganisha fundi na mshonaji wa mifuko. Fundi huilowesha ngozi katika maji baridi, si ya chumvi, mpaka viputo viache kutoka. Kisu chenyewe hukipaka mafuta na kukizungushia nailoni kisipate kutu. Anakitia ndani, kisha anaanza kubonyeza kwa vidole na kipande cha pembe au mti laini, akifuata mgongo wa kisu, bega la mpini, mahali bapa linapoanza. Ukitazama vizuri utaona umbo la kisu likijitokeza kwenye ngozi, mstari kwa mstari. Halafu anakiacha humo kivulini kwa siku mbili au zaidi. Anayeianika juani ili aiuze leo anakuuzia ngozi itakayopasuka. Ala iliyofinyangwa sawasawa haihitaji kifungo: igeuze mdomo chini, uitikise, kisu kisitoke. Kisha sukuma mpini kwa kidole gumba. Kitoke bila kuvutana. Ikishindwa moja kati ya hayo mawili, iache. Vifungo vya kubana vya chuma nisingevitaka hata bure. Chumvi huvila, na siku unapokitaka kisu kwa haraka kifungo kimeganda.

Ngozi yenyewe iangalie mahali ilipokatwa, usiitazame usoni. Uso hupakwa rangi. Ukingo hausemi uongo. Ukingo wenye rangi moja ya kahawia au wekundu kutoka nje hadi ndani ni wa ngozi iliyotengenezwa kwa magome. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mwanzoni mwa karne ya 20 magome ya mikoko ya pwani hii yalipakiwa melini kwenda kutumika katika viwanda vya ngozi vya Ulaya. Gome la mkoko huipa ngozi wekundu na ugumu, na ugumu ndio tunaoutafuta. Ukingo wenye kijivu cha kibuluu katikati ni wa ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya kromu, kama zinavyotengenezwa ngozi nyingi za viwandani. Hiyo ni nzuri kwa viatu na mikoba, inastahimili maji, lakini haifinyangiki: utaibonyeza ikiwa mbichi, ikikauka itarudi ilivyokuwa. Mfanyabiashara anayekuapia kwamba zote ni ngozi moja, mwachie Mungu.

Magome yana ubaya wake. Yakikutana na chuma penye unyevu hutoa weusi, na weusi huo hula chuma na ngozi kwa pamoja. Kwa hiyo ribiti ziwe za shaba, wala si misumari ya chuma iliyopigwa kichwa. Shaba itatoa ukungu wa kijani, utaufuta kwa kitambaa, basi.

Mshono nao una siri mbili. Ya kwanza iko ndani, huioni mpaka uchungulie mdomoni mwa ala: upande wa makali lazima kuwe na ukanda mwembamba wa ngozi uliotiwa kati ya pande mbili na kushonwa pamoja nazo. Usipokuwepo, makali yanakaa juu ya uzi wenyewe, na kila unapokitoa kisu unakata tundu moja. Ya pili ni sindano. Fundi wa kweli hushona kwa uzi mmoja na sindano mbili, akitoboa kwanza kwa maharazi, na kila tundu likapitwa kutoka huku na kutoka kule. Uzi huo ukikatika mahali pamoja, matundu ya jirani hubaki yameshika. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zilizonasana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mwenziwe unafumuka taratibu mpaka mwisho. Uzi wa nailoni uliotiwa nta ya nyuki hauna aibu yoyote, hata kama wazee wa kazi wanaununia. Pamba baharini huoza.

Baada ya hapo ndipo tufike kwenye mwili, kwa kuwa ala bora ikivaliwa pabaya inakuwa ala mbaya. Wengi hapa wana picha ya jambia vichwani mwao, lile analovaa bwana harusi juu ya kanzu, katikati ya tumbo. Waomani ndio mabingwa wa uvaaji huo, na ufundi wao wa khanjari uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi mwaka 2022. Lakini bwana harusi anasimama, anakaa kitini, anapigwa picha. Havuti nanga. Kisu kirefu kilichonyooka ukikivaa mbele kitakukumbusha kosa lako mara ya kwanza utakapoinama. Ukikivaa nyuma kabisa, juu ya uti wa mgongo, umekwepa paja lakini siku utakayoteleza na kuangukia mgongo utajuta. Mahali pake ni nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, upande wa mkono unaoutumia. Mwenye mkono wa kushoto na amwambie fundi mapema, maana ala ya mkono wa kulia haigeuzwi.

Urefu wa kuning'inia una mjadala. Mpini ukikaa juu ya mkanda, kisu kinatulia sana unapotembea, ila ukikaa kwenye ubao wa mashua mpini unakuingia mbavuni. Ukishuka chini sana, ncha inagonga kila kitu. Kwa mvuvi ninachagua katikati: mdomo wa ala usawa wa mkanda au chini yake kwa upana wa vidole viwili. Mzamiaji wa kamba mawe, anayetoka msimu wa kaskazi maji yanapotulia, ana hesabu nyingine. Yeye hakai, anaogelea, na anahitaji ala iliyobana mwilini isiyoelea elea. Mimi kwa mzamiaji nakubali hata plastiki ngumu. Ngozi haikuumbwa kulala majini kutwa.

Kisha kuna mwinamo. Ala iliyonyooka wima hulazimisha kiwiko kupanda juu kabla kisu hakijatoka, na ndani ya mashua iliyojaa watu hakuna nafasi ya kiwiko. Mpini ukilazwa mbele kidogo, kiwiko hubaki chini na ncha hukimbia nyuma ya paja. Wenye bastola kubwa za Marekani walilijua hili kabla hatujaliandika. Bastola ya risasi sita yenye mtutu mrefu huzidi kilo moja, na katika miaka ya 1920 mlinda sheria wa El Paso, Texas, aitwaye Tom Threepersons alijipatia mkoba wa bastola wa umbo alilolitaka kutoka kwa mshonaji S. D. Myres: ngozi yote isiyo na kazi ikaondolewa, na mpini ukalazwa mbele. Umbo hilo linaigwa hadi leo. Shida yao na yetu ni moja, yaani kitu kirefu na kizito kukaa upande mmoja wa kiuno cha mtu asiyetulia.

Kwa hiyo usinunue ukiwa umesimama. Vaa mkanda wako, tia kisu chako, si cha duka, kisha ukae juu ya kigoda kifupi. Chuchumaa. Shika vidole vya miguu. Inua mkono wa upande wa ala kana kwamba unavuta kamba ya tanga. Toa kisu na ukirudishe bila kuangalia, mara kadhaa, pole pole. Kama kuna mahali panapokubonyeza sasa, saa kumi jioni patakuwa jeraha. Na uangalie chini kabisa ya ala kama fundi ameacha tundu dogo la kutolea maji. Asiyeliacha hajawahi kufikiria bahari.

Utunzaji hauna mengi. Ukirudi, kitoe kisu, ioshe ala kwa maji baridi kuondoa chumvi, uikaushe kivulini, uipake nta ya nyuki kidogo. Usiipake sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia vyombo, kwani harufu yake itakufuata mpaka msikitini. Kisu kisilale ndani ya ala hata usiku mmoja. Na ufikapo gatini, vua. Sheria ya Kenya inamwadhibu anayetembea hadharani na silaha kwa namna ya kuwatia watu hofu bila sababu halali, na kisu cha shibiri kiunoni sokoni hakimpendezi askari yeyote.

Ala ya namna hii haipatikani kwa siku moja wala kwa bei ya ile inayotundikwa mlangoni mwa duka. Mpelekee fundi kisu na mkanda, mwachie siku tatu au nne, usimharakishe. Akikutaka uketi na kuchuchumaa mbele yake kabla hajatoboa tundu la kwanza la kitanzi, mlipe anachotaja.