Kila Mmoja na Kizazi Chake

Ukiingia Kisumu kutoka Ahero, Nyamasaria ndiyo inayokupokea. Katika shule za kutwa za upande huu, mwanafunzi huja na Dholuo ya nyumbani na Kiswahili cha njiani, na Kiingereza mara nyingi humngoja darasani. Wenzake waweza kuwa 50 au zaidi. Mwalimu anayewafanya wote hao wazungumze Kiingereza ndani ya kipindi cha dakika 40, mimi namwita fundi.

Mbinu yake, ya kuwafanya wanafunzi wafundishane, ina asili. Mwaka 1971, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliingia katika shule za Austin, Texas, ambako watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko walikuwa wamewekwa darasa moja na uhasama umezuka. Wakaligawa somo vipande, kila mtoto kipande chake, awafundishe wenzake. Asiyemsikiliza jirani alikosa somo.

Tuseme mwalimu wetu anafundisha The River and the Source, riwaya ya Margaret Ogola iliyotoka 1994 na iliyowahi kutahiniwa katika mtihani wa KCSE. Ina vizazi vinne: Akoko, bintiye Nyabera, mjukuu Awiti, kisha Vera na Becky. Madawati hayasogezwi, nafasi haipo. Wa mbele wanageuka nyuma, na tayari ni kikundi cha wanne. Kila mmoja anapewa nambari na kizazi chake. Kwanza wenye Akoko wa vikundi vyote wanakutana, wanapekua kurasa, wanabishana: kwa nini alifunga safari hadi Kisumu kumshtaki shemeji yake Otieno kwa serikali ya kikoloni? Kisha kila mmoja anarudi kwa wenzake kufundisha.

Ustadi wenyewe umo katika kugawa. Mwalimu mchanga humpa mwanafunzi mnyonge kipande chepesi, naye anajua kabisa kwa nini amepewa. Fundi humpa Nyabera. Bila kusikia jinsi Nyabera alivyoifuata dini mpya hadi misheni ya Aluor, hakuna atakayeeleza Awiti alivyofika chuo cha ualimu. Basi wenzake watatu wa kikundi wanamngoja amalize sentensi, hata akikwama, hata “sh” ikitoka “s”, maana Dholuo haina sauti hiyo. Mbele ya darasa zima angechekwa, na pengine asingenyanyua mkono tena muhula mzima. Hapa wanamtaka aendelee.

Kelele ni nyingi. Anayepita nje aweza kudhani darasa halina mwalimu, kumbe yumo, ameinama kati ya madawati, anasikiliza. Mwanafunzi akimuuliza swali, anauliza kwanza kama wenzake wa kikundi wameshindwa. Kunyamaza huko ni kazi ngumu kwa mtu anayelijua jibu, na ndiko ninakokustahi kuliko yote.

Dakika za mwisho anataja nambari, tuseme tatu. Wenye nambari tatu katika kila kikundi wanasimama, na kila mmoja anaulizwa kizazi kisicho chake. Alama ni za kikundi kizima. Aliyesoma Awiti anaeleza Akoko alichoamua. Na kesho yake, mwenye Awiti asipoonekana shuleni, wa kwanza kuuliza aliko ni wenzake watatu wa kikundi.