Eropleni ya Mti Mwepesi

Eropleni ndogo iliyowekwa katika karakana ya seremala mmoja hapa Kilosa imesifiwa mno, na sifa zenyewe zote ni za namna moja, ya kuwa yang'aa kama kioo. Aliyeitengeneza ni kijana wa Mikumi. Sasa nasikia mfanya biashara amemwagiza nyingine kumi, za kuuzwa kwa wageni wapitao barabara kuu ikatayo hifadhi. Ndiyo sababu naona haifai kunyamaza, maana kosa la eropleni moja, likinakiliwa mara kumi, huwa desturi ya mkono.

Kwanza wasomaji wajue kilichoigwa. Ni Tiger Moth, ndege ya kufundishia marubani iliyofanywa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza, nayo iliruka mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931. Mabawa yake yalikuwa jozi mbili, moja juu ya nyingine, na upana wake tokea ncha hata ncha ulikaribia mita 9. Mifupa yake ilikuwa ya mti na chuma, na ngozi yake kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Mwalimu aliketi mbele, mwanafunzi nyuma, wakasemezana kwa mpira kama wa daktari. Katika vita vya 1939 hata 1945 vijana wengi walijifunzia humo, hata huko Southern Rhodesia, nchi iitwayo leo Zimbabwe. Wazee wasiichanganye na zile ndege kubwa za Imperial Airways zilizokuwa zikipita Dodoma na Mbeya tangu 1932 na barua.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mti alioutumia ni balsa, ambao asili yake ni Amerika, na mwingi hutoka Ekuado. Aliletewa na ndugu yake aliye ng'ambo. Mpingo ukitiwa majini huzama, bali balsa huelea hata sehemu kubwa ya kipande haigusi maji. Mti wa namna hii humdanganya fundi: wakatika upesi, lakini kisu kikiwa butu hauchongeki, huchanika tu. Kijana huyu hakudanganyika. Mbavu za mabawa amezikata nyembamba na sawasawa, nyuzi za mti zikielekea toka mbele kwenda nyuma kama ipasavyo, kisha akazifunika kwa karatasi laini, akainyunyizia maji, nayo ilipokauka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Chini ya bawa la kushoto, mahali alipopaka rangi mara moja tu, ukiliinua juani waziona mbavu zote zimejipanga. Sijaona kazi ya mkono iliyonipendeza zaidi mwaka huu.

Na ndilo jambo lisilosifiwa na mtu, kwa kuwa kwingine kote amelificha. Amepaka rangi ya mafuta, ile ya milango, mara tatu. Rangi ya manjano yenyewe ni halali, maana ndege za wanafunzi zilipakwa manjano ili zionekane toka mbali na wengine wajihadhari nazo. Walakini kitambaa haking'ai kama gari jipya. Tena uzito wote ule umekaa juu ya karatasi, hasa mkiani, na uzito mdogo mkiani huisumbua ndege kuliko uzito mkubwa kifuani.

Lakini kosa kubwa liko katika bawa la juu. Amelinyosha kama rula. Katika ndege ya kweli waundaji walizisogeza mbele nguzo za bawa hilo, ili aketiye mbele aweze kutoka na mwavuli wake ikiwa hatari imetokea. Kisha wakazirudisha nyuma ncha za mabawa ili mizani isipotee. Ukilinyosha, nguvu ya kuinua yasogea mbele, na mkia walemea. Basi umbo lile lililoonekana kama pambo lilikuwa na haja yake, na fundi asiyeijua haja hulifuta bila kujua amefuta nini. Kadhalika vile vibao vya kuilaza ndege upande vilikuwa kwenye mabawa ya chini tu. Yeye ametia juu na chini. Na rubani wake, sanamu nzuri mwenye kofia, yuko peke yake katika kiti cha mbele, hali arukaye peke yake katika Tiger Moth aliketi nyuma.

Wapo wanaocheka eropleni za mabua ambazo watoto wa Mikumi hukimbia nazo. Mimi sicheki. Pangaboi la jani huzunguka katika upepo, na mtoto hulikunja mpaka lizunguke. Hili la Kilosa limegandishwa kwa gundi.

Balsa iliyobaki, nimeambiwa, haitoshi zaidi ya ndege mbili. Kwa zile nane kijana asingoje tena mzigo wa ng'ambo. Ajaribu shina la ua la mkonge, lililokauka vema, ambalo mashamba ya Kimamba yalijaa. Ganda lake ni gumu, lakini moyo wake ni mwepesi nao hukubali msasa. Rangi aizimue mpaka iwe kama maji, apake mara moja. Na kabla hajakata bawa lo lote la juu, atafute picha ya Tiger Moth iliyopigwa toka juu, si toka ubavuni.